Mguu wa Mbele Unavyochakaa

Anayetafuta pikapu ya dizeli kwa kazi za shamba, mgodi au safari za mikoani hukutana mapema na ubishi ambao mafundi na madereva hawajaumaliza. Wapo wanaoapa kwamba gari la kazi ni lenye ekseli nzima mbele: chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, difu ikiwa imekaa humo humo ndani, kama ilivyo kwenye Land Cruiser 79 na kwenye ile hardtop ambayo Watanzania wameibatiza Mkonga. Wapo wanaojibu kwamba hayo yamepitwa na wakati, kwamba Hilux za miaka ya karibuni hupita njia hizo hizo zikiwa na indipendenti, yaani kila gurudumu la mbele likipanda na kushuka peke yake. Ubishi hauishi kwa sababu unauliza ipi ina nguvu zaidi. Nguvu si shida kubwa ya mguu wa mbele. Ni magari machache yanayovunjika ekseli au mkono kwa pigo moja. Mengi huchakaa kidogo kidogo, kwa maelfu ya kilometa za vumbi, maji na mashimo. Mnunuzi anapaswa kuuliza jambo jingine: mguu huu ukianza kuchakaa, utanionyesha mapema? Utanivumilia kwa muda gani? Na ni nani atakayeutengeneza huko nitakakokuwa? Kwa swali hilo ekseli nzima inawafaa wengi wanaofanya kazi mbali na mji, ila si kwa sababu zile zinazotajwa kijiweni, na kwa baadhi ya wasomaji haiwafai hata kidogo.

Sababu inayorudiwa kuliko zote ni kwamba ekseli nzima ina viungo vichache, na kisichokuwepo hakiharibiki. Inasikika vizuri, lakini tuvihesabu. Land Cruiser za kazi nzito za familia ya 70 zilipata springi za koili mbele mwaka 1999, ekseli ikabaki nzima. Ekseli hiyo imeshikwa na mikono miwili mirefu, kila mmoja una bushi mbili kwenye ekseli na moja kwenye chesisi: hizo ni sita. Ipo fimbo ya kuvuka inayozuia ekseli isihame kushoto na kulia, ina bushi mbili. Usukani una fimbo mbili zenye vichwa vinne. Kila upande gurudumu hugeukia juu ya beringi mbili, ya juu na ya chini, na kila upande kuna jointi moja ya CV, ile inayozungusha gurudumu hata likiwa limekatwa kona. Jumla ni kumi na nane. Sasa chukua indipendenti ya kawaida ya pikapu yenye mkono wa juu na wa chini: kila upande bushi nne, boljointi mbili, vichwa viwili vya usukani na jointi mbili za CV. Jumla ni ishirini. Tofauti ni viungo viwili. Hata ile ekseli ya kabla ya 1999 iliyokaa juu ya springi za majani haipungui sana ukihesabu na bushi za shako. Kwa hiyo anayekuambia ekseli nzima hudumu kwa sababu haina vitu vingi hajalala chini ya gari akahesabu.

Tofauti ya kweli iko katika namna viungo hivyo vilivyofunikwa na namna vinavyokufa. Kwenye ekseli nzima ya Land Cruiser, jointi ya CV imefichwa ndani ya tufe la chuma lililojaa grisi, na beringi mbili za kugeuzia gurudumu ni za roli nene, zikikaa juu na chini ya tufe hilo. Jiwe haliwezi kuitoboa nyumba hiyo, na kijiti cha porini hakiipasui. Kinachozeeka kwanza ni sili: oili ya difu hupenya ikachanganyika na grisi, kisha mchanganyiko huo mweusi huanza kulowanisha upande wa ndani wa gurudumu. Ni uchafu unaochukiza, lakini ni barua iliyotumwa mapema. Gari bado litatembea, na likifika kwa fundi mwenye spana za kawaida atafungua, atasafisha, ataweka sili na grisi mpya, na beringi zikiwa zimelegea kidogo ataondoa au kuongeza shimu, vile vibati vyembamba, hadi zikazane sawasawa. Viungo vile vile vinarudi kazini. Ni mguu ulioundwa ili ufunguliwe na kufungwa tena.

Boljointi ya indipendenti haina tabia hiyo. Ni kichwa cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe kidogo, kikilindwa na mpira mwembamba, na siku hizi nyingi hazina hata nipo ya kupigia grisi. Mpira ukipasuka, vumbi linaingia, maji yanaingia, na kikombe kinasagika bila kumwambia mtu. Kwenye pikapu nyingi springi imekalia mkono wa chini, kwa hiyo boljointi ya chini ndiyo inayobeba uzito wa kona ile ya gari mchana na usiku. Ikichomoka, gurudumu linalala chini ya fenda na gari halisogei tena. Mwaka 2005 Toyota iliita magari mamia ya maelfu nchini Marekani, yakiwemo Tacoma, Tundra na 4Runner, kwa sababu ya boljointi za mbele zilizoweza kuchakaa kabla ya wakati na kuachia. Hayakuwa ya dizeli, lakini kanuni ni ile ile. Jointi za CV nazo ziko nne, zikiwa zimevaa mipira inayoonekana wazi chini ya gari. Mpira ukikatwa na jiwe leo asubuhi, grisi inatawanyika, vumbi linachukua nafasi yake, na baada ya wiki chache utasikia kata-kata kila unapokata kona. Spea yenyewe si ghali sana. Ghali ni kuchelewa kuona.

Liko pia suala la matairi, ambalo huwagharimu wenye magari pesa nyingi kuliko wanavyodhani. Kwenye ekseli nzima, mlalo wa tairi, yaani kama limesimama wima au limeinama, umewekwa kiwandani ndani ya chuma chenyewe. Bushi zikichakaa, gari litayumba na usukani utalegea, lakini tairi litaendelea kusimama vile vile. Linalobaki kurekebishwa ni mwelekeo tu, kama matairi yanatazamana kwa mbele au yanaachana, na hilo fundi makini hulipima kwa futi ya mkononi mbele na nyuma ya matairi kisha akazungusha fimbo ya usukani. Kwenye indipendenti kila bushi inayolegea hubadilisha mlalo na mwelekeo kwa pamoja, na kuvirudisha kunahitaji mashine ya alaimenti. Dar es Salaam, Arusha na Nairobi zipo. Kwa mtu ambaye kazi yake iko siku nzima ya safari kutoka mjini, mashine hiyo ni sawa na haipo, na matairi mawili ya mbele yatakwisha upande mmoja kabla hajaifikia.

Sasa ushahidi wa upande wa pili, maana upo na una uzito. Anayesema indipendenti ni dhaifu kwa asili hajaisikia Tatra. Kampuni hiyo ya Kicheki ilianza mwaka 1923, kwenye gari la Tatra 11 lililobuniwa na Hans Ledwinka, kutumia bomba moja nene katikati badala ya chesisi ya kawaida, na nusu-ekseli za nyuma zinazobembea kila moja kivyake. Mpango huo ulihamia kwenye malori yake makubwa ya dizeli. Karel Loprais alishinda mashindano ya Dakar upande wa malori mara sita akiendesha Tatra, na sehemu kubwa ya ushindi huo aliupata kwenye mchanga na mawe ya Afrika. Nchini Marekani, Oshkosh iliwaundia wanajeshi wa majini lori la MTVR lenye miguu huru iliyoitwa TAK-4, ambamo kila gurudumu linaweza kusogea takribani sentimeta 40 juu na chini. Vita vya Afghanistan vilipoonyesha kwamba magari mazito ya deraya yalikuwa yakiteseka kwenye njia za milimani, jeshi lilinunua gari jipya, M-ATV, lenye miguu hiyo, na baadhi ya magari ya deraya ya zamani yalivuliwa ekseli zake nzima yakavishwa TAK-4.

Ushahidi huo unathibitisha kwamba muundo huru unaweza kuwa mgumu kuliko ekseli yoyote. Hauthibitishi kwamba indipendenti ya pikapu yako ni ngumu hivyo. Mikono ya TAK-4 ni minene kama ya lori, na nyuma yake lipo jeshi lenye mafundi, ghala la spea na ratiba ya ukaguzi isiyopuuzwa. Pikapu ya tani moja imeundwa kwa hesabu nyingine: iwe nyepesi, itulie kwenye lami, ibebe familia Jumapili na mbolea Jumatatu. Boljointi yake imepimwa kwa kazi hiyo. Aliyeilaza chini ya bampa la chuma, winchi na betri ya pili amebadilisha hesabu ya mhandisi bila kumwambia.

Pikapu kubwa za dizeli za Kimarekani zinatoa ulinganisho mzuri zaidi, kwa sababu kampuni tatu hushindania kazi moja kwa njia mbili tofauti. General Motors imeweka miguu huru yenye fimbo za kujisokota kwenye pikapu zake nzito za 4x4 tangu 1988, na tangu 2001 imeziwekea injini ya dizeli ya Duramax. Ford ilikuwa na aina yake ya miguu huru kwenye F-250 ya 4x4, ikaiacha Super Duty ilipotoka kama modeli ya 1999 na kurudi kwenye ekseli nzima. Ram imebaki na ekseli nzima. Zote huvuta tela za uzito unaokaribiana, na zote zimezeeka zikiwa kazini. Kila upande ulipata ugonjwa wake. Kwenye Duramax za miaka ya mwanzo, kilichoonewa hakikuwa mikono wala difu bali fimbo nyembamba za usukani, ambazo wenye magari waliozidisha nguvu ya injini walizikunja hadi wakaanza kuzivika mabomba ya chuma. Mwaka 2011 sehemu ya mbele ilisukwa upya ikiwa imara zaidi. Kwenye ekseli nzima ugonjwa ni mtikisiko: gari likipiga shimo kwa mwendo mkubwa, gurudumu moja linaanza kutetemeka, linamwambukiza mwenzake kupitia ekseli, na usukani unapepea hadi dereva apunguze mwendo. Wamarekani wameuita mtetemo wa kifo, na chanzo chake mara nyingi ni bushi ya ile fimbo ya kuvuka au kichwa cha usukani kilicholegea. Kumbe ekseli nzima nayo hailindwi na unene wake. Ikipuuzwa, inalipiza.

Wengi watanijibu kwa kunionyesha Mkonga iliyokwisha kuzunguka nchi nzima na bado inaamka kila asubuhi. Ushahidi huo una macho upande mmoja. Tunaona zilizobaki, zilizochinjwa ili ziwe spea hatuzioni. Tena, Mkonga haikudumu kwa ekseli peke yake. Ina chesisi nzito, ina injini ya 1HZ ya lita 4.2 isiyo na haraka, na madereva wengi huiendesha taratibu kwa sababu yenyewe haipendi kukimbia. Ukiilinganisha na Prado yenye miguu huru unalinganisha mambo kumi, si mguu wa mbele pekee. Ulinganisho wa haki zaidi Toyota yenyewe ilitupatia kuanzia 1998, ilipotoa Land Cruiser 100 yenye miguu huru na, kwa masoko ya kazi kama Afrika na Australia, ikauza pia ile 105 yenye bodi inayofanana lakini ekseli nzima mbele. Kampuni ile ile, miaka ile ile, umbo karibu lile lile. Kampuni isingebeba gharama ya kutunza miguu miwili tofauti kama isingejua kwamba wateja wake ni wa aina mbili, na kwamba wale wa mbali na gereji wana haja tofauti na wale wa lami. Hilo mimi nalihesabu kuwa ushahidi mzito kuliko hadithi ya gari moja lililokataa kufa.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka upande wa indipendenti, nami sitalipita haraka. Ekseli nzima yenyewe hudumu, wanasema, lakini inaua vilivyo juu yake. Wana haki. Ekseli, difu, breki na magurudumu vyote vinapanda na kushuka pamoja chini ya springi, na uzito huo ukirushwa na barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati, shokapu ndizo zinazoubeba. Zinachemka, oili inavuja, na baada ya hapo kinachopigwa ni mashikio ya shokapu, mabano ya betri na redieta, bolti za bodi, kioo cha mbele, na mgongo wa dereva. Kwenye indipendenti difu imefungwa kwenye chesisi, kwa hiyo kinachorushwa ni kidogo, na tairi hubaki limeshika ardhi. Gari linalobeba wagonjwa au watumishi kilometa mia mbili kwa siku kwenye barabara ya changarawe iliyonyooka litadumu zaidi, kwa ujumla wake, likiwa na miguu huru inayokaguliwa. Tahadhari ni moja: ulaini huo humdanganya dereva. Kwa kuwa hausikii ubaya wa barabara, anakwenda 90 mahali ambapo Mkonga ingemlazimisha kwenda 60, na boljointi hupigwa kwa mwendo ule, si kwa ule anaouhisi.

Katika kuchagua, tazama mzigo unakaa wapi. Pikapu hizi karibu zote, ikiwemo Hilux, zina ekseli nzima nyuma, na magunia unayopakia yanakaa huko. Kwa hiyo kusema "mimi hubeba tani moja" si sababu ya kutosha ya kuikataa indipendenti; mzigo ukiwa nyuma sana, mbele huwa kwepesi zaidi. Kinachoiua ni uzito uliopachikwa puani, na kuinuliwa. Wenye gari wakitaka kimo, huweka springi ndefu, na papo hapo jointi za CV zinaanza kufanya kazi zikiwa zimepinda, mipira inajikunja hadi kusuguana, na boljointi ya juu inafika karibu na ukomo wake. Ukivuka sentimeta tano hivi bila kubadilisha mikono, unanunua uharibifu. Ekseli nzima huvumilia kuinuliwa kwa urahisi zaidi, ingawa nayo hudai fimbo ya kuvuka na pembe za mikono zirekebishwe, la sivyo usukani utatangatanga. Kuhusu kimo pia, kumbuka kwamba difu ya ekseli nzima iko chini lakini umbali wake na ardhi haubadiliki gari likizama kwenye springi. Ya indipendenti hukaa juu gari likiwa tupu, kisha hushuka pamoja na chesisi unapobeba au unapopiga shimo, na jiwe ulilolivuka asubuhi linaweza kukukamata jioni.

Basi, kama kazi yako ni mgodini, msituni, kwenye mito isiyo na madaraja, na fundi wako wa karibu anafanyia kazi chini ya mwembe, tafuta ekseli nzima na ujiandae kuvumilia mtikiso. Kama unagawanya wiki kati ya lami na vumbi, unabeba watu, na una gereji yenye mashine ndani ya siku moja ya safari, indipendenti ni chaguo la akili, wala usimwache mtu akuaibishe kwa kulichagua. Aliyeko katikati namshauri atazame nani anauza spea mahali alipo. Boljointi feki iliyopakwa rangi nzuri haidumu hata msimu mmoja wa mvua, na mahali ambapo halisi haipatikani, ubora wa muundo wa kiwandani hauna maana tena.

Unaponunua lililotumika, usiridhike na mzunguko wa kujaribu kwenye lami. Kwenye indipendenti weka jeki chini ya mkono wa chini karibu na gurudumu, ili boljointi ya chini ipumzike na uzito, kisha shika tairi juu na chini ulitikise, huku mwenzako akiweka kidole pale jointi inapokutana na kifundo kinachoshika gurudumu. Kinachogonga hapo hakifichiki. Pitisha mkono kwenye mipira minne ya CV, ndani ya mikunjo yake, maana ufa huanzia humo. Angalia chesisi pale mikono inapofungwa. Rangi mpya mahali hapo pekee ni swali la kumuuliza muuzaji. Kwenye ekseli nzima inua ekseli, tikisa tairi vile vile, kisha mtu akanyage breki na utikise tena: mchezo ukipotea, zilizolegea ni beringi za gurudumu, ukibaki, ni zile za kugeuzia. Kagua tufe kama lina mikwaruzo mirefu au kutu, kwa sababu sili mpya juu ya tufe bovu itavuja tena baada ya mwezi. Halafu mwambie mwenzako azungushe usukani kushoto na kulia gari likiwa limesimama chini, nawe utazame fimbo ya kuvuka kwenye ncha zake zote mbili. Ncha yoyote ikicheza kwenye mashikio yake, umepata kinachotikisa gari.

Na bushi mpya, kwenye mguu wa aina yoyote, hufa mapema kwa kosa moja la gereji. Fundi hukaza bolti magurudumu yakiwa yananing'inia hewani, gari likiwa juu ya jeki. Mpira wa bushi hushikwa katika mkao huo, na gari likishushwa unajisokota na kubaki umejisokota siku zote, hadi unachanika kabla ya wakati wake, kisha lawama inakwenda kwa spea. Bolti hizo ziachwe legelege kwanza. Gari lishushwe, lisukumwe mbele na nyuma mara mbili tatu hadi likae katika kimo chake cha kawaida, ndipo fundi aingie chini akazikaze.